Milimita Saba

Miaka thelathini na miwili naziba pancha hapa Oulu,
mji ambao watu huendesha baiskeli hata theluji ikifika magotini,
na tyubu nazijua kwa kuzipapasa gizani:
pale mpira umechoka
hewa hutafuta pa kutokea,
ubavu hutuna,
ukibonyeza, ngozi nyembamba inakujibu.

Kwa hiyo daktari Vuolle alipogeuza skrini
sikuhitaji mkalimani.
"Hapa, njia panda ya mshipa, nyuma ya jicho la kushoto.
Ukuta umelegea, na kila pigo la moyo linausukuma."
Milimita saba.
Nami niliteleza tu kwenye barafu,
nikaja kuangaliwa goti na kisogo.
Goti halikuwa na neno.

Dada yangu Taimi hakuonyeshwa skrini.
Alikuwa akimenya viazi, akashika kichwa,
akasema neno moja: radi.
Kiazi kikabiringika hadi chini ya jiko.
Nilikiokota mimi, wiki ya tatu, tulipotoka makaburini,
kimeshachipua.

Njia ni mbili, akasema daktari, na ya tatu ni kungoja.
Ama tunafungua kidirisha kwenye fuvu,
tunapita mikunjoni mwa ubongo kwa darubini
na kuubana uvimbe shingoni kwa klipu ya titani
ndogo kama kibanio cha nguo za mwanasesere.
Kikibana, kimebana.
Ama fuvu hatuligusi: tunaingilia kinenani,
mrija mwembamba kama tambi unapanda kifuani, unapita shingoni,
unamwaga humo uzi wa platinamu
ujisokote, ujaze, damu igande, mlango ufungwe.
Hapo utapona upesi. Lakini uzi huweza kushindiliwa ukaacha nafasi;
tutakuita upigwe picha tena na tena.

"Na kungoja?"
"Kuacha sigara, kushusha presha,
na kulala na mgeni asiyesema ataondoka lini."

"Ungekuwa mimi?"
Akanyamaza. Kunyamaza kule kulinipa imani.
"Chako kina shingo pana, uzi hautatulia.
Na kuna dada yako. Ningebana."
Kisha akanitajia hatari bila kuzipaka sukari:
mkono wa kulia kufa ganzi, maneno kupotea,
na lile moja ambalo wote wawili tulilitazama dirishani.

Sigara nimezizika kwenye theluji nyuma ya duka.
Zitaibuka Aprili.

Usiku huu najipa mtihani,
nataja vitu vya dukani kimoja kimoja kwa sauti:
spoki, gololi, cheni, gundi, msasa.
Ilta akauliza kutoka chumbani naongea na nani.
Nikamwambia: naweka akiba.

Kesho saa moja asubuhi watanyoa upande mmoja.
Wewe mteja wa Ijumaa, tairi lako la nyuma liko tayari,
limetundikwa kulia, msumari wa pili.
Ukinikuta nimerudi na sijui linaitwaje
lionyeshe tu kwa kidole.