Droo ya Chini

Saa moja na nusu, kabla ya kufungua dirisha la mapokezi,
tunasimama watano kati ya mizani ya watoto na jokofu la chanjo,
tunasali.
Ndeonasia wa maabara anaongoza, haraka haraka,
maana foleni imeshafika kwenye migomba ya jirani.
Tukifika pale penye deni, na wadeni,
sauti yangu inateleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi.
Macho yanakwenda yenyewe kwenye droo ya chini
lilikolala daftari.

Njoro nzima imo humo.
Fundi Kimaro, mshono wa nyuzi saba, elfu kumi na tano.
Mama Aikaruwa, presha, tangu masika ya mwaka juzi;
hulipa yai mojamoja, limefungwa kwenye pindo la kanga,
na hunidai chenji ya maneno.
Bi Zuhura wa Majengo aliniuliza akicheka,
"Na mimi Mwislamu utaniombea?"
Nikamwambia nyoosha mguu kwanza, kidonda hakina dhehebu.

Simjui Mungu anayelipa bili ya umeme.
Namjua anayeniamsha.
Mzee wa kanisa alitaka cheti cha ugonjwa asiougua;
nilimkatalia, Jumapili hakunipa mkono.
Binti mmoja aliambiwa kwenye mkesha atupe vidonge, ameshapona;
nilimfuata hadi Pasua na kopo mkononi:
mwanangu, meza, kisha sema amina.
Hayo nayasimulia upesi.
Ni ya kusifiwa.

Hili moja nalisimulia polepole.

Usiku wa Julai, baridi ya mlima imeshuka hadi kwenye vitasa.
Mwanamke wa Uru, mtoto mgongoni, shingo ya mtoto imekakamaa.
Wiki hiyo nilikuwa nimedaiwa kodi mbele ya wagonjwa.
Nikasema, na sauti naikumbuka, haikuwa kali,
ilikuwa ya upole kabisa, sauti ya ibada:
"Mama, tunaanza na elfu ishirini."
Alikuwa na elfu nne.
Alizihesabu mara mbili, kana kwamba ya pili zingezaana.
Akajifunga upya kanga, akaondoka.
Sikumfukuza. Ndivyo nilivyojiambia hadi alfajiri:
sikumfukuza.

Mtoto alipona, mbali, kwa mikono ya wengine.
Anaitwa Eliamini. Hasikii.
Ukipiga makofi nyuma yake, ndege wa mgombani wanaruka,
yeye anaendelea kuchora vumbini.

Mchungaji aliniambia, Bwana ameshasamehe.
Nikauliza, na mwenye elfu nne je?
Akanyamaza.
Nami nikaogopa, nikifikiri
huenda ni huyohuyo mmoja.

Nikakata jani la sale kwenye uzio wa marehemu baba,
nikalipiga fundo kama walivyolipiga wazee,
nikapanda Uru kwa miguu.
Mila inasema jani hili halikataliwi.
Haisemi mkono ulipokee kwa kasi gani.
Alimaliza kwanza kukamua ng'ombe.
Alimaliza kufunika ndoo.
Kisha akalipokea, akalichomeka ukutani,
akanipa kikombe cha maziwa yenye joto la kiwele,
na hatukusema neno.
Eliamini alinichora kwa kijiti:
kichwa, macho mawili, koti refu.
Masikio hakuniwekea.

Niliporudi nilifungua droo.
Sikulichoma daftari; watu watano wanakula humo.
Niliandika jina langu mstari wa kwanza,
na pale pa kiasi nikaacha wazi.
Usiku siku hizi hatuanzi na elfu ishirini.
Tunaanza na kipimajoto.

Kesho mwenye dawa za jumla anakuja na ankara,
naye hana habari za jani.
Ndeonasia ataongoza sala, mbio kama kawaida.
Mimi nikifika pale penye deni
nitabaki nyuma kidogo,
waniite kwenye amina.