Uzi Chini ya Mapacha

Meza namba nne. Kisumu, saa tatu asubuhi,
feni imekufa tangu Jumatatu
na formalini inakula macho.
Kadenyi ananimulikia kwa simu.
Msuli mkuu wa kalio tumeshaufunua
kama mtu afunuavyo godoro akitafuta funguo.

Neva kubwa ya mguu tunaiona mara moja,
nene kama kidole, inajitangaza.
"Isogezeni," asema Bi. Awiti.
"Mgeni wenu hakai sebuleni."

Basi tunashuka.
Chini ya msuli wenye umbo la pea,
chini ya wale mapacha wawili wembamba
na kano iliyolala kati yao,
hadi kibano kinagusa mfupa.
Kitabu kimeipa sentensi mbili tu, hii neva:
hutoka kiunoni, huambaa na mfupa,
huingia msuli mraba wa paja kwa upande wa mbele,
upande ambao kiganja hakifiki.

*Si hapo,* Baba alikuwa akiniambia.
Misimu kumi na tisa ya miwa, Chemelil,
panga likienda kulia, nyonga ikilifuata,
na usiku mimi, mtoto wa darasa la sita,
namkanda kwa mafuta ya mgando.
Si hapo. Ndani.
Nikabonyeza kwa kisugudi.
Ndani zaidi, mwanangu.
Zahanati walimpa vidonge vyeupe, wakaandika: umri.
Alikuwa na miaka arobaini na moja.

"Hiyo hapo," Kadenyi ananong'ona.
Imelala kwenye mfupa, ya rangi ya maziwa yaliyochacha.
Na kabla haijafika kwenye msuli wake
inachepusha tawi, jembamba kama unywele,
likaingie kwenye kiungo cha nyonga.
Kumbe haishushi amri tu.
Hata kilio hupandia humo.

Mzee wa mezani hana jina, ana namba.
Nyayo zake zimepasuka kama za Baba.
Sijui naye aliyemkanda alibonyeza wapi.
Nikapitisha uzi mwekundu chini ya neva,
nikafunga fundo legevu, wengine waione.

Mchana nikapiga simu.
"Baba, nimepaona pale."
"Pale wapi?"
"Ndani."
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.
"Ni kubwa kiasi gani?"
"Kama uzi wa kushonea gunia la sukari."
"Kadogo hivyo?" akasema.
"Mbona basi kana makelele?"