Wati Mia Tatu

Kiliandikwa mia saba, kwa rangi ya dhahabu.
Nikakiweka kiganjani: chepesi
kama boflo la juzi.
"Tweve, hizi wati umezipima
au umezisikia?"
Akacheka. Nje, Mtaa wa Aggrey, mkokoteni wa mabelo
ulikuwa umeziba mlango na mwenyewe hayupo.
"Fundi, si kompyuta ya ofisi tu?
Mama anaandika barua, anaprinti, anazima.
Elfu ishirini na tano. Beba."

Ofisi tu.
Mfukoni nilikuwa na karatasi ya daftari, mwandiko wa Bi Sikudhani,
katibu wa chama cha kuzikana, Vingunguti,
herufi zimesimama wima kama ndoo kwenye foleni ya bomba:
kasha, bodi, prosesa ya mtumba, diski,
na chini kabisa, kwa kalamu inayokata roho,
*cha umeme: utakachobakiwa nacho.*

Utakachobakiwa nacho ndicho kilichoiua ile ya kwanza.
Umeme ulikatika watu wanafuturu,
ukarudi saa tatu usiku kwa hasira,
taa zikawa nyeupe kupita kiasi,
kisha pa!
na harufu ya ukucha unaoungua.
Nilipofungua, kapasita zilikuwa zimevimba vichwa.
Nacho hakikufa peke yake. Kiliondoka na bodi,
kiliondoka na diski, na ndani ya diski
miaka minne: nani kalipa, nani anadaiwa,
sanda ya nani ilitoka lini.
Pazi aliapa amelipa hadi Desemba.
Mjane wa Chande alileta risiti ndani ya kopo la maziwa,
nusu zimeliwa na mende.
Na katikati ya ubishi mtu akafa,
maiti haisubiri hesabu.

Kwa hiyo nikapiga yangu, juu ya kaunta, nyuma ya risiti ya chai:
prosesa sitini na tano,
diski, feni mbili, kibodi, kipanya,
ongeza na woga wangu mwenyewe,
haifiki mia na hamsini.
Mia saba za nini?
Nipe mia tatu zisizosema uongo.

"Shusha kile cha juu, chenye vumbi."
Kizito kama tofali. Lakini uzito nao siuamini tena;
mwaka juzi, Buguruni, nilifungua kimoja
nikakuta kipande cha nondo kimegandishwa kwa gundi.
Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia kwenye matundu ya feni:
koili nene, kapasita mbili kubwa, nyaya zenye mwili.
"Themanini na tano," akasema Tweve. Sasa hacheki.
Tukavutana mpaka sabini na mbili.
Nikarudisha kasha lenye taa za rangi,
nikachukua la bati, limebonyea ubavuni.

Bi Sikudhani alipitisha kidole kwenye mbonyeo.
"Hela yangu imeenda wapi?"
"Imeenda nyuma, Bibi. Kule usikopaangalia."
Akaguna.
Akawasha. Haikulia, haikujisifu,
upepo kidogo tu ukamgusa mkono.
Akavuta kiti, akapangusa miwani kwa upindo wa mtandio,
akafungua madaftari ya kuunga-unga
akaanza na marehemu,
maana hao hawabishi.