Jaro

Kwenye fomu pameandikwa: Umri.
Neno la Kiarabu. Lilipita hapa na misafara;
misafara ikaacha mifupa ya punda, neno likabaki.
Bibi Sechelela analitazama
kama deni la dukani ambalo hakukopa.

"Niandikie mwaka wa matrekta," anasema.
Matrekta ya karanga, Kongwa. Mama yake ana mimba,
akadhani ngurumo ile ni mvua, akatoa vyungu nje.

Mimi karani. Mchana naandikisha watu,
usiku, chumbani kwangu Chang'ombe,
najifunza Kiesperanto kwenye daftari la kurasa themanini:
lugha iliyotungwa mezani, haina bibi wala babu,
kila kitu imeazima kwa majirani.
Umri ni aĝo, tamka ajo; limetoka kwa Wafaransa.
Mwaka ni jaro, tamka yaro; limetoka kwa Wajerumani.

Hapo kalamu ilisimama.
Maana Wajerumani tuliwajua.
Yar, walisema, kidole kimenyooshwa kibandani,
na kila yar ilikuja na kodi yake,
kila yar na vyuma vya reli vya kubeba
toka Gulwe kupanda huku.
Babu wa babu yangu alilijua neno hili kwa mgongo
kabla mimi sijalijua kwa wino.

Sasa limerudi limenyoa ndevu,
limevaa o mwishoni, linajiita la watu wote.
Nimelisamehe? Sijui.
Nililiandika mara kumi, kama zoezi lilivyoagiza.

Na uzee? Neno lake hawakuliazima popote.
Wanasema maljuna:
mchukue kijana, mpindue kama kinu kilichokwisha kazi.
Si-kijana.

Namwambia Bibi. Anacheka hadi anashika meza.
"Basi andika hilo hilo! Uzee sijaufikia.
Ujana ndio ulinishusha Kikombo, treni ikaendelea."

Mashine haipokei stesheni.
Inataka tarakimu nne, naipa: 1947,
na mwezi wa kubuni, na siku ya kubuni,
naye anabonyeza dole gumba juu ya uongo wangu
taratibu, kwa heshima, kama anayepima joto la uji.

Mlangoni, vumbi limempokea,
namsikia analijaribu mdomoni:
yaro, yaro,
kama mtu anayeita mbuzi kichakani
bila hakika kama ni wake.