Juzuu ya Tano

Mchwa walilila jina lake kabla sisi hatujalisoma,
wakabakiza picha ya ndevu.
Mama akamwita Mskoti, basi,
kama jirani anayedaiwa.

Aliingia kwetu Kuze kwa kilo,
pamoja na madaftari ya forodha,
Baba akitafuta karatasi za kufungia bizari.
Juzuu thelathini na moja zikafunga bizari.
Ya tano ilikuwa na jalada gumu,
ikawekwa chini ya mguu mfupi
wa meza ya cherehani.

Dibaji ilikuwa na maisha yake:
mtoto wa muuza chumvi, nyonga mbovu,
akiandika wima, mshumaa juu ya pipa,
kurasa kumi kwa usiku, wadai wakibisha hodi.
Siku ya maziko yake mji ulifunga maduka.

Umeme ukikatika, cherehani ikinyamaza,
kaka Abudi aliichomoa akasoma kwa kandili,
akiupindua Uskoti kwa Kimvita.
Theluji ikawa sufi,
ile ipasukayo Makadara ikaingia puani.
Mjane akakataa kumuuza kondoo wa mwisho,
na Mama akasema, "Huyu si Bi Tatu wa ndia ya nyuma?"
akalia, akajifuta kwa kitambaa cha mteja.

Abudi akaenda chuo, akarudi na tanzia ya pili:
Mskoti amekwisha, wasomi wanamcheka,
maneno tele, machozi ya bei rahisi.
Mama hakuinua uso kwenye pindo.
"Rahisi kwa nani?"

Mwaka jana akaja Dakta Umazi, glavu mkobani.
Amefufuka, akasema. Anachapwa upya.
Kwao wanagombana: hawa wanaisugua sanamu yake,
wale wanataka ing'olewe,
kwani chumvi ya babake ilikwenda
kwenye mashamba ya miwa, kwa watumwa.
Na juzuu ya tano haipatikani popote.

Nikaichomoa. Meza ikayumba.
Sindano yenye kutu, uzi wa kijani,
na shimo la mguu wa meza
katikati ya sura ya mjane.

"Mwauza ngapi?"

Mama, mato yake yashaingia ukungu,
akapapasa kiti, akamsogezea.
"Soma kwanza."

Dakta akasoma, Kiingereza safi, taratibu,
mpaka theluji ikaanza kuanguka.

"Sivyo, mwanangu," Mama akamkata.
"Hapo yali sufi."