Kitalu cha Daluni

Mwaka ule wa kipindupindu
maabara yetu ilikuwa meza moja,
darubini ya jicho moja lililoingia ukungu,
na mimi.
Sampuli tulizipanga ndani ya dumu lililokatwa shingo,
Singano akalifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki
akaishika barabara ya Maramba, kuelekea Tanga mjini.
Mvua ikikata njia, alilala kwa watu
na dumu lake nje, chini ya mchongoma,
asimwambie mwenyeji lina nini.

Jibu la Mwanakombo Kihiyo lilirudi siku ya kumi na moja.
Matanga yalikuwa yameshaanuliwa.
Karatasi ilisema: Chanya.
Kana kwamba kaburi ndilo lililouliza.
Nikaitia kwenye droo.

Ugonjwa ulipokwisha walikuja wageni
wakatuachia mashine kubwa kuliko mlango.
Tukavunja fremu kuiingiza.
Ilitaka umeme usioyumba;
wa kwetu hupepesa kama mzee mwenye usingizi.
Miezi saba mashine ilikaa ndani ya boksi lake,
na wagonjwa wakakaa juu ya boksi.

Bi Shekimweri, muuguzi mkuu, hakuitukana.
Alichukua kalamu.
Aliomba glavu zinazofika mwisho wa mwezi,
mafuta ya Singano,
betri za jua,
na mtu wa pili, "maana huyu mmoja naye huugua."
Barua ya kwanza ilipotea.
Ya pili ilijibiwa kwa kuulizwa iko wapi ya kwanza.
Ya tatu aliipeleka mwenyewe wilayani,
akaketi mlangoni na kitambaa chake cha kufuma
mpaka mkubwa akashindwa kutoka kwenda kula.

Hayakuja yote.
Zilikuja buti za mvua, boksi zima, zote za mguu wa kushoto.
Lakini betri zilikuja,
na kiatamizi,
na Hoza, kijana wa Lushoto
mwenye mikono isiyotetemeka na maswali yasiyokwisha.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuotesha.
Mimi mtoto wa wakulima wa mahindi,
najua mbegu, najua palizi,
najua kumfukuza ngedere kwa debe.
Sikujua kuna shamba
ambalo mkulima hulipanda, hulifunika,
hulitunzia joto usiku kucha,
na alfajiri huomba lisiote.
Nyuzi thelathini na saba. Sahani ya kijani.
Vikiota, huota vya manjano,
kama kiini cha yai la kienyeji,
vizuri kutazama. Hilo ndilo linalonikera.

Jumanne moja akaingia mama yake Mwanakombo,
mjukuu mgongoni, kanga imelowa.
Hakunisalimu.
Mtoto tulimtundikia dripu hapo hapo;
maji hayasubiri maabara.
Kisha tukapanda kitalu chetu,
nami nikalala juu ya boksi la mashine,
nikiamka kila saa kusikiliza betri.

Alfajiri Hoza akafunua.
Kijani.
Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
kijani mpaka ukingoni.

Nikatoka nje. "Si kipindupindu, mama."
Hakufurahi upesi.
"Mmejuaje leo," akauliza, "na siku ile hamkujua?"

Nilikuwa na maneno: betri, barua tatu,
kijana wa Lushoto, buti za kushoto.
Nikayapima, hayakujaa kijiko.
Nikarudi ndani, nikafungua droo,
nikampa karatasi yake.

Hajui kusoma.
Aliikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kanga
pale anapofunga pesa,
akakaza fundo kwa meno.
Kisha akauliza
kama mtoto anaruhusiwa uji wa mtama.