Kasma ya Waamuzi

Waraka ulifika Tabora Jumanne, kwa basi la usiku:
kuanzia Julai mwamuzi wa fidia hatakuwa na mshahara.
Atalipwa kwa jalada.
Atahudumu mikoa miwili, huku na Kigoma,
kwa mkataba wa miaka mitatu, siyo mpaka kustaafu.
"Andaa makisio ya athari," waliandika chini,
"kabla ya Ijumaa saa sita."

Mimi ndiye wa makisio.
Nina kikokotoo ambacho kitufe cha nane hukwama
na dirisha linalotazama yadi ya reli,
ambako mabehewa mabovu yameota nyasi hadi magurudumuni.

Nikaandika: mshahara, umeondoka.
Mchango wa pensheni, umeondoka.
Pango la nyumba kule Cheyo, limeondoka.
Upande wa pili: ada ya jalada, elfu tisini;
nauli ya treni; posho.
Akiba: milioni thelathini na nne na ushee.
Nikapiga mistari miwili chini yake, kama tulivyofundishwa,
na kusema kweli nilijisikia vizuri,
kama mtu aliyefagia uwanja na upepo ukamwacha.

Bi Ntahondi akapita kuchukua chai.
Mwamuzi wetu, mwaka wa kumi na moja.
Akasoma juu ya bega langu bila kuomba ruhusa.
"Jalada jepesi elfu tisini, jalada zito elfu tisini.
Ungekuwa mimi, ungeanza na lipi?"
Akakoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Jalada zito ninalijua.
Lipo rafu ya chini, limefungwa kwa kamba ya katani.
Mihayo Kasubi, mpakiaji, ghala la tumbaku.
Mashine ya kushindilia marobota ilichukua vidole vinne
vya mkono wa kulia, ikaacha gumba.
Mwajiri anasema alikuwa kibarua wa siku. Yeye anasema miaka sita.
Daktari wa Kitete ameandika asilimia thelathini,
daktari wa mwajiri, kumi na mbili.
Hapo katikati, kwenye hizo kumi na nane,
ndipo mtu anatakiwa kukaa na kufikiri,
na kufikiri hakuna kasma.

Mkewe, Kalunde, huja kila siku ya kutajwa.
Hutoka Sikonge alfajiri, kwenda na kurudi elfu kumi.
Hunipa karatasi kwa mikono miwili,
huniita mheshimiwa, nami simsahihishi.
Nikajiuliza: treni ikilala Kaliua,
shauri likaahirishwa,
elfu kumi ya Kalunde inaingia upande gani?
Mara nne kwa mwaka. Mara majalada mia mbili na sita.
Jibu likaanza na nane.
Milioni nane, laki mbili, arobaini elfu.

Nikaongeza, kwa herufi ndogo, maelezo namba saba:
*Sehemu ya akiba hii haijaokolewa, imehamishwa.
Inalipwa na watu wa benchi la nje.*

Karatasi ikarudi baada ya wiki mbili.
Mistari yangu miwili ina tiki.
Maelezo namba saba yamekatwa kwa wino mwekundu,
si kwa hasira; kwa rula.
Pembeni: "Hii si athari ya kibajeti."
Bi Ntahondi alipoona alicheka kwa pua.
"Mzigo wa mwenzio kanda la usufi," akasema,
akaanza kutafuta boksi la vitabu vyake.

Mwamuzi mpya ni kijana mpole, ana mtoto mchanga Kasulu.
Hushuka Alhamisi, huanza na majalada membamba,
hadi Ijumaa jioni amemaliza kumi na tisa.
Simlaumu. Ada yake naijumlisha mimi.

Juzi Mihayo alikuja mwenyewe.
Fomu ya kuahirisha haitaki sahihi,
inataka dole gumba.
Nikamsogezea kidau cha wino.
Akabonyeza taratibu, kwa uangalifu mkubwa,
kisha akauliza kama nina kitambaa.